Gango la Paja na Ukoo wa Waunga Mifupa

Neno mganga latokana na kitenzi ganga, na kuganga, kabla hakujawa kutibu, ni kufunga pamoja vitu viwili vilivyoachana ili virudi kuwa kimoja. Mlingoti wa jahazi ukipasuka hugangwa kwa kamba na vipande vya mbao. Mpini wa jembe nao hugangwa vivyo hivyo. Kila siku twasikia watu wakisema kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na ni wachache kati yetu wakumbukao kwamba methali hiyo imebeba picha ya mtu aliyeketi na kamba mkononi. Chombo cha kufungia huitwa gango. Vile vijiti vya mwanzi au vibao vyembamba vipangwavyo kuuzunguka mfupa uliovunjika huitwa mabanzi, na kwingine vitata. Shina la neno hili lapatikana katika lugha nyingi za Kibantu, tangu Kongo hadi Zimbabwe. Basi lugha yenyewe yatutolea ushahidi kwamba wazee wa kale, walipotafuta jina la mtu anayeponya, walimwita kwa kazi ya mikono yake.

Kazi ya kuunga mifupa ni ya kale kuliko hospitali zote. Mwunga mifupa wa kijijini hana picha ya eksirei. Vidole vyake ndivyo macho yake. Hupapasa, husikiliza jinsi ncha za mfupa zinavyokwaruzana, huvuta taratibu hadi zikutane, hupaka mafuta, kisha hupanga mabanzi na kuyafunga kwa kitambaa au kwa kamba ya magome. Katika sehemu nyingi za Afrika iko desturi ya kumvunja kuku mguu siku ile ile na kumfunga kama mgonjwa alivyofungwa. Kuku akianza kutembea, ndipo mgonjwa naye hufunguliwa. Watu wa mjini huicheka desturi hiyo. Sisi twaona kwamba ndani yake mna wazo lisilostahili kuchekwa, yaani kwamba mfupa una muda wake wa kuunga, na muda huo haupunguzwi kwa haraka ya mtu. Kosa lake ni kwamba muda wa kuku si muda wa binadamu. Mguu wa kuku huunga kwa majuma machache, hali mfupa wa paja la mtu mzima wahitaji miezi mitatu, na pengine zaidi.

Kwa mfupa wa mkono, au hata wa muundi, mabanzi yakifungwa na mtu mjuzi yaweza kufanya kazi njema. Paja ni jambo jingine kabisa, na ni lazima tulieleze kwa urefu kidogo, maana bila kulielewa jambo hili historia yote inayofuata haina maana.

Mfupa wa paja ndio mrefu na wenye nguvu kuliko mifupa yote mwilini, na umezungukwa na misuli minene. Misuli hiyo daima huvuta, na mfupa ukiwa mzima huikingama kama nguzo inavyokingama uzito wa paa. Nguzo ikivunjika, misuli haina tena kitu cha kuizuia. Hujikunja, ikauvuta mguu kuelekea juu, na ncha moja ya mfupa ikapita kando ya mwenziwe. Mguu hufupika kwa inchi moja, mbili, hata zaidi. Ncha zile kali huchana nyama na mishipa. Lita moja ya damu, hata moja na nusu, yaweza kumwagika ndani ya paja bila tone kuonekana nje, na damu yote ya mtu mzima ni kama lita tano tu. Kisha mgonjwa hubebwa, na kila mtikisiko wa njiani huzisogeza ncha zile na kuchana upya. Mwisho wake ngozi hupoa, jasho jembamba humtoka, mapigo ya moyo huwa mepesi kama uzi, naye hufariki kabla hajafika anakopelekwa. Mabanzi hayawezi kuuzuia mwendo huo, kwa sababu hushika mfupa ubavuni, na nguvu inayoharibu yavuta kwa urefu. Ukiyakaza zaidi huizuii misuli. Waizuia damu isifike kwenye vidole.

Kwa hiyo swali la paja ni hili: mguu utavutwaje kwa urefu, tena bila kuachiwa, huku mwenyewe akibebwa njiani? Jibu lililokuja kuenea duniani lilitoka kwa ukoo wa waunga mifupa wa kisiwa cha Anglesey, katika nchi ya Wales, watu ambao kwa vizazi vitatu hawakuwa na cheti chochote cha udaktari. Yafaa historia yao isomwe katika shule zetu, nasi tutaisimulia kama tulivyoielewa.

Yasimuliwa na ukoo wenyewe kwamba karibu na mwaka 1745, usiku wa dhoruba, watoto wawili wa kiume waliokolewa baharini karibu na kisiwa hicho. Hawakujua Kiwelisi wala Kiingereza. Mmoja hakuishi, wa pili alilelewa na watu wa pale, akapewa jina la Evan Thomas, na tangu utotoni akaonekana kuwa na kipaji cha kuunga mifupa, kwanza ya ndege na wanyama, kisha ya watu. Msomaji ana uhuru wa kuamini atakavyo. Kila ukoo wa waganga una hekaya ya asili yake; hata kwetu mganga asiye na ndoto wala mzimu wa kumfundisha haaminiki sana. Lililo wazi ni kwamba Evan huyo alikuwa mwunga mifupa mashuhuri hadi kufa kwake mwaka 1814, na kwamba kazi ilishuka kwa mwanawe, na kutoka kwa mwanawe ikamfikia mjukuu, aliyeitwa Evan Thomas kama babu yake.

Mjukuu huyu alihamia Liverpool. Mji huo wakati ule ulikuwa mojawapo ya bandari kubwa za dunia, na bandari huvunja watu: wapakuzi wa shehena, mabaharia, mafundi wa meli, watoto wa vichochoroni. Wagonjwa walimjia kwa wingi. Madaktari wenye vyeti hawakupendezwa, wakamshtaki mahakamani mara baada ya mara. Evan alisimama na kujitetea, lakini hakutaka wanawe waishi maisha yale. Alikuwa na watoto watano wa kiume, akawapeleka wote watano kusomea udaktari. Katika historia hii yote hapana tendo tunaloliheshimu kuliko hilo. Mtu aliyedharauliwa na elimu ya shule hakuidharau; aliwapeleka watoto wake wakaichukue.

Mmoja wa watoto hao ni Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa Anglesey mwaka 1834. Alianza kwa kufunzwa na mjomba wake aliyekuwa daktari, akasoma Edinburgh na London, akapata idhini ya kutibu mwaka 1857. Akarudi Liverpool kufanya kazi na baba yake, wakashindwana. Baba alikuwa na njia zake, na kijana ametoka chuoni. Mwaka 1859 akafungua mahali pake mwenyewe, na kwa miaka mingi akaishi na kutibu katika nyumba namba 11 ya mtaa wa Nelson Street, jirani na gati. Alikuwa mtu mdogo wa umbo, mwenye koti jeusi lililofungwa vifungo hadi shingoni na kofia ya baharia iliyovutwa juu ya jicho moja, na sigara haikumtoka mdomoni. Siku za Jumapili aliwatibu maskini bila malipo, nao walijaa nyumba na kibaraza. Katika maisha yake yote hakuwahi kupewa cheo katika hospitali yoyote.

Nyumbani mwake palikuwa na karakana. Mhunzi alikuwamo, na fundi wa ngozi. Hapa ndipo mtoto wa mwunga mifupa anapoonekana ndani ya daktari. Madaktari wengi wa zama zake waliagiza vifaa kutoka dukani na kumlazimisha mgonjwa afuate kipimo cha kifaa. Thomas alipima mguu wa mgonjwa, akaenda kwa mhunzi, na chuma kikakunjwa kwa kadiri ya mguu ule. Kama kilikwaruza, kilirudishwa motoni siku hiyo hiyo.

Na jambo ambalo mara nyingi husahauliwa ni kwamba gango lake la mguu halikubuniwa kwa ajili ya mfupa uliovunjika. Lilibuniwa kwa ajili ya goti lililoliwa na kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa ukiwalemaza watoto wengi wa miji ile ya moshi. Wapasuaji wa siku zile waliona njia mbili: kulikata goti na kulitoa, au kuukata mguu wote. Thomas alishikilia kwamba kiungo kigonjwa kipumzishwe, kipumzishwe kabisa, bila kukatizwa, kwa muda wote kitakaohitaji hata kama ni miaka. Aliyaandika haya katika kitabu juu ya maradhi ya nyonga, goti na kifundo cha mguu, kilichotoka mwaka 1875. Kitabu hakikusomwa sana. Mwenyewe hakuwa mtu wa maneno laini, na aliwashambulia wakubwa wa taaluma yake kwa kalamu kali; wakubwa nao wakamlipa kwa kunyamaza.

Sasa tukieleze chombo chenyewe. Ni pete ya chuma iliyofungwa sufi na kushonewa ngozi, nayo huvishwa mguuni na kupandishwa hadi kwenye kinena. Pete haikukaa sawa kama bangili. Imeinamishwa, ili upande wake wa nyuma na wa ndani uegemee ule mfupa wa kalio ambao mtu huukalia akiketi juu ya benchi. Kutoka kwenye pete zateremka fito mbili za chuma, moja nje ya mguu na moja ndani, zikapita inchi kadhaa chini ya wayo na kuungana huko kwa pembe yenye mkato katikati. Baina ya fito hizo hutandikwa vitambaa, na mguu ukalala juu yake kama mtoto ndani ya machela. Kisha kifundo cha mguu hufungwa kamba, na kamba ikavutwa hadi kwenye ule mkato wa chini na kufungwa hapo.

Tazama sasa kinachotokea. Kamba yauvuta mguu chini. Pete yausukuma mwili juu. Na nguvu zote mbili zimo ndani ya chombo kimoja. Hapana haja ya ukuta wala kitanda wala mtu wa kushika. Mgonjwa aweza kuinuliwa, kupakiwa garini, kuteremshwa, na mvuto haubadiliki. Tena waweza kurekebishwa. Misuli ikichoka na kulegea baada ya saa kadhaa, kamba nayo hulegea. Hapo kijiti hupitishwa baina ya nyuzi zake na kunyongwa, kama seremala anyongavyo kamba ya msumeno wake wa fremu ili upanga wa msumeno ukazike. Mzunguko mmoja wa kijiti, na mguu umerudi kwenye urefu wake. Baadaye wengine waliongeza bawaba na mkanda wenye bizimu kwenye pete, ili chombo kimoja kitoshe mapaja ya unene mbalimbali. Wengine wakaongeza kiungo cha kulikunja goti, na wengine fito zinazoingiana ili zirefushwe au kufupishwa. Wazo likabaki lile lile la Nelson Street.

Hugh Owen Thomas alifariki Januari 1891, na maelfu ya maskini wa Liverpool wakajitokeza kulisindikiza jeneza lake. Chombo chake hakikujulikana sana nje ya mji ule. Kingeweza kufa pamoja naye kama vile ujuzi mwingi wa waganga wetu ulivyokufa, ila kwamba hakuwa na mtoto, na mkewe alikuwa na mpwa. Robert Jones, aliyezaliwa mwaka 1857, alichukuliwa na shangazi yake akiwa na miaka kumi na sita ili asome udaktari, akakulia ndani ya karakana ile. Alikuwa na kitu ambacho mjomba alikikosa, nacho ni ulimi mtamu. Mwaka 1888 alipewa uangalizi wa tiba ya wafanyakazi waliochimba mfereji wa meli wa kwenda Manchester, wenye urefu wa kilomita 58, uliofunguliwa mwaka 1894. Watu waliangukiwa na udongo, walibanwa na mabehewa, waliteleza kutoka kwenye majukwaa. Jones aliweka hospitali tatu kandokando ya mfereji, na vituo vya huduma ya kwanza baina yake, akajifunza jambo ambalo karakana haikuweza kumfunza: kwamba chombo chema hakifai kitu kama hakipo mahali mtu alipoangukia.

Vita Kuu ya Kwanza vikaanza mwaka 1914. Katika miezi ya mwanzo askari aliyepigwa risasi ya paja alifungwa ubao mrefu ubavuni, au bunduki yake mwenyewe, kisha akabebwa juu ya mashimo ya mizinga. Jones aliandika baadaye kwamba wanne kati ya kila watano walikufa. Akafanya juhudi kubwa kulipeleka gango la mjomba wake hadi mbele kabisa kwenye mahandaki. Wabeba machela walifundishwa kulifunga kwa hatua zenye namba, kama gwaride, hata wakiwa wamefungwa vitambaa machoni, maana kazi yenyewe mara nyingi ilifanyika gizani. Suruali haikuvuliwa wala buti halikuvuliwa. Kamba ilifungwa juu ya buti. Katika mapigano ya Arras mwaka 1917, mpasuaji wa Kiskoti Henry Gray (tusimchanganye na yule wa jina hilo aliyeandika kitabu mashuhuri cha maungo ya mwili, ambaye alifariki mwaka 1861) alihesabu majeruhi 1,009 waliovunjika paja kwa jeraha lililo wazi. Waliokufa walikuwa asilimia 15.6.

Walimu wa historia wataona hapa mfano mzuri wa kuwapa wanafunzi. Asilimia 80 mwaka 1914, asilimia 15.6 mwaka 1917. Ni rahisi kusema kwamba chuma kile ndicho kilichookoa tofauti yote. Lakini ile namba ya kwanza ni makadirio ya mtu mmoja aliyekipenda chombo, na ya pili ni hesabu ya majeruhi waliokwisha kufika mikononi mwa madaktari. Tena katika miaka hiyo mitatu mengine yalibadilika: wapasuaji walisogezwa karibu na mapigano, majeraha yalianza kukatwa nyama iliyokufa na kusafishwa vizuri zaidi, na kumwongezea mtu damu kulikuwa kumeanza. Wanahistoria wa tiba wamezitilia shaka namba hizo, nao wana haki. Sisi twasema kwamba gango lilikuwa sehemu kubwa ya ushindi ule, na kwamba bila mambo mengine lingeokoa wachache zaidi.

Vita hivyo hivyo vilipiganwa hapa kwetu, tangu 1914 hadi 1918, kutoka Tanga hadi ng'ambo ya Ruvuma. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi kilichopiga kambi pale baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916. Huko Ufaransa palikuwa na reli, magari ya wagonjwa na mahema ya upasuaji. Huku mzigo, risasi, chakula na majeruhi vyote vilipita juu ya vichwa na mabega ya watu. Wapagazi wenyewe ndio waliokuwa barabara. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na utapiamlo kuliko kwa risasi. Tunapoisoma hesabu ya Arras, iliyoandikwa hadi sehemu ya kumi ya asilimia, yafaa tukumbuke kwamba wengi wa wapagazi hao hata makaburi yao hayajulikani.

Katika Vita vya Pili gango lilirudi tena likiwa na vazi jipya. Mwaka 1941 mji wa Tobruk, katika pwani ya Libya, ulizingirwa, na majeruhi walilazimika kupelekwa Misri kwa meli, safari ya mawimbi na mabomu. Wapasuaji wakawa wanavisha gango, kisha wanaviringisha plasta juu ya mguu na chuma pamoja, vikawa kitu kimoja. Mgonjwa aliweza kuteremshwa kwa kamba kutoka gatini hadi kwenye mashua bila mguu kutikisika. Tiba hiyo hadi leo yatajwa kwa jina la mji ule.

Tangu hapo njia zimekuwa nyingi. Mswisi Fritz Steinmann alikuwa amekwisha kuonyesha mwaka 1907 kwamba msumari wa chuma waweza kupitishwa ndani ya mfupa na kufungwa uzito. Mwaka 1940 Mjerumani Gerhard Küntscher akatangaza msumari mrefu unaotiwa ndani ya uboho wa paja, ili mgonjwa asimame baada ya siku chache. Nchi tajiri zikafuata njia ya Küntscher. Hospitali zetu za wilaya zikabaki kwa muda mrefu na njia ya uzito, na kila mwenye umri wetu ameiona: kitanda kilichoinuliwa upande wa miguuni kwa matofali, roda ndogo, kamba, na mwisho wa kamba mfuko wa mchanga au dumu la maji. Watu husema fulani amefungwa mawe. Majuma sita, kumi, kumi na mawili, mtu amelala chali. Mkulima akivunjika Desemba, msimu wa kupanda umempita. Mkewe yuko hospitalini akimpikia, naye shamba limempita. Mtoto mkubwa ameitwa kutoka shuleni. Mpasuaji wa Kiingereza George Perkins alifundisha kwamba mgonjwa aliyefungwa uzito akunje na kunyosha goti lake kila siku, na kitanda kikatwe upande wa chini ili aweze kufanya hivyo, maana mguu uliounga ukiwa na goti gumu kama mti ni nusu ya tiba. Njia yake ilifaa sana hospitali za nchi za joto, kwa sababu haikuhitaji ila roda, kamba na muuguzi mwenye bidii.

Siku hizi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, hutia misumari ndani ya mifupa ya mapaja, na mojawapo ya misumari hiyo ilibuniwa na shirika la Marekani lililoanzishwa mwaka 1999 mahususi kwa hospitali zisizo na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Na kule Moshi, kando ya hospitali ya KCMC, tangu mwaka 1981 kimekuwako chuo cha kuwafunza mafundi wa viungo bandia na vya kusaidia, ambamo wamesoma wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Chuma, ngozi na kipimo cha mguu wa mtu mmoja mmoja: Thomas angeingia humo angejiona yuko nyumbani.

Limebaki suala la waunga mifupa wetu, nalo ndilo lililotufanya tuandike. Pikipiki za kukodi zimeongeza mno watu wanaovunjika miguu, na si haba kati yao wanaoondoka hospitalini, au wasiofika kabisa, wakaenda kwa mwunga mifupa. Hawaendi kwa ujinga. Huenda kwa sababu yu karibu, hupokea kuku au malipo ya kidogo kidogo, huwaeleza kinachofanyika kwa lugha yao, na kwa mifupa midogo wamewaona jirani zao wakipona. Lakini madaktari wa mifupa wamepokea watoto wengi mno waliofungwa mabanzi kwa nguvu hadi vidole vikawa vyeusi, na mkono au mguu uliovunjika tu ukaishia kukatwa. Jambo hili halifai kufichwa kwa jina la kuheshimu mila.

Serikali haikulala. Kitengo cha utafiti wa tiba ya asili kiliundwa Muhimbili mwaka 1974, kikawa taasisi kamili mwaka 1991, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala ilipitishwa mwaka 2002. Hata hivyo juhudi nyingi zimeelekezwa kwenye mizizi na majani, yaani kwenye dawa; mikono ya mganga haijachunguzwa kwa kadiri hiyo. Sisi twaona hilo ni pengo. Vidole vinavyoweza kutambua mfupa uliokaa upande bila eksirei ni elimu. Kukaza banzi bila kutazama vidole vya mgonjwa ni upungufu wa elimu. Mambo haya mawili yaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, na kuyatenganisha hakuhitaji mahakama; kwahitaji siku chache za mafunzo na mganga wa wilaya asiyeona haya kuketi mkeka mmoja na mzee wa kijiji. Evan Thomas wa Liverpool alishtakiwa mara nyingi, na mashtaka yote hayo hayakumpatia mgonjwa hata mmoja gango bora. Lililompatia ni mwanawe kwenda shule na kurudi.

Mwalimu atakayeisoma insha hii darasani ataulizwa, nasi twajua ataulizwa, nini kifanyike mtu akivunjika paja barabarani na gango hapana. Kwanza asiinuliwe kwa pupa wala kuketishwa juu ya pikipiki. Kama damu yamwagika nje, kitambaa safi kikandamizwe juu ya jeraha. Kisha mguu mzima utumiwe kuwa gango la mguu mgonjwa: nguo iliyokunjwa iwekwe baina ya mapaja, magoti na vifundo, mtu mmoja aushike mguu mgonjwa kwenye kifundo na kuunyosha polepole, asiushindanie ukikataa, na mwingine aifunge miguu yote miwili pamoja kwa kanga, moja kwenye vifundo, moja chini ya magoti, moja juu yake, nyingine juu na chini ya mahali palipovunjika bila kupagusa penyewe. Mafundo yote yawe upande wa mguu mzima. Viatu vilegezwe na vidole viachwe wazi, mtu wa kuvitazama awe mmoja hadi hospitalini, na vikianza kuwa baridi au kubadilika rangi, kanga ilegezwe hapo hapo njiani.